Sukari ya Safarjali

Mvua ya kwanza ya vuli ilimkuta Rudaina katikati ya soko la Bab Srija, amekumbatia mfarishi mkubwa wa kujifunikia, uliojazwa sufu, kama mtu aliyembeba mgonjwa. Mwavuli hakuwa nao. Alivaa koti lake la kijivu la kazini, kitambaa cha rangi ya zabibu kichwani, na viatu vya turubai ambavyo vilikwisha kunywa maji kabla hajampita muuza jibini. Watu walikimbilia chini ya mabati, na wauza makomamanga wakavuta maturubai yao. Vumbi la kiangazi kizima likalowa, likanukia. Wanawake wawili waliokuwa wakigombana kwenye foleni ya mkate walinyamaza kidogo, wakainua nyuso, wakasema kwa pamoja, "Ya kheri, inshallah," kisha wakaendelea kugombana.

Kijana mmoja akatoka mbio kwenye duka la mifarishi, mkononi ameshika nailoni kubwa. Rudaina alishamshukuru moyoni. Kijana akafika, akaitandaza ile nailoni, akaufunika mfarishi wote vizuri mpaka kwenye pembe zake. Rudaina mwenyewe akaachwa nje, maji yakimdondoka puani.

"Kaka," alisema kwa sauti ndogo, "na mimi je?"

"Wewe kufikia kesho utakuwa umekauka, dada. Sufu ikilowa inakaa wiki."

"Basi nikifa kwa mafua, mfarishi utanililia."

Kijana akamtazama kwa mara ya kwanza. Akamwona vizuri, na akaona haya. Akainua ncha moja ya nailoni juu ya kichwa chake, wakaenda hivyo mpaka dukani, yeye akilowa bega la kushoto, Rudaina akilowa la kulia, na mfarishi katikati ukiwa mkavu kama bwana harusi.

Duka lilikuwa chumba kirefu chembamba kilichojaa sufu nyeupe mpaka darini. Kijana aliitwa Ghiyath, na duka alilirithi kwa marehemu baba yake. Alikuwa mrefu, na sweta lake la kijani lilikuwa limetoboka kiwiko. Nyuzi za sufu zilimganda kichwani hata akaonekana mzee mwenye mvi aliyeazima uso wa kijana.

"Ulikuwa wa bibi yangu," Rudaina alieleza, akiutazama mfarishi badala ya kumtazama yeye. "Sufu imeshikana mabonge. Tunataka ichambuliwe, ishonwe upya. Mwaka huu mafuta ya kuwasha jiko la sebuleni hatutapata."

"Nani atapata? Mwaka huu Dameski nzima imekumbuka kwamba ina mifarishi." Aliubonyeza kwa vidole, akaunusa pembeni. "Sufu nzuri hii. Bibi yako alikuwa mtu wa maana. Juu nikushonee umbo gani?"

"Unavyoona."

"Wateja wote huniambia hivyo. Halafu mimi nikiona, wao hawaoni."

Rudaina akatabasamu kidogo, akaacha namba ya simu, akaondoka. Mvua ilikuwa imekatika. Njiani alinunua kastana chache za kuchoma, zile njugu kubwa za vuli, akatia mbili katika kila mfuko wa koti ili zimpashe vidole moto, na akashangaa kwamba alikuwa akitembea polepole ilhali miguu yake imelowa.

Simu ya kwanza ilipigwa na Ghiyath, naye alisema ni ya kikazi.

"Dada Rudaina, naomba radhi. Mfarishi wako haujawa tayari."

"Lakini hukuniahidi kwamba utakuwa tayari leo."

"Ndiyo maana naomba radhi mapema."

Rudaina aliipokea simu hiyo kwenye ngazi za kwenda darini. Katika jengo lao, mtandao ulipatikana hapo tu. Alikuwa ametoka kazini, kwenye duka la dawa, ambako wateja walizoea kuinama juu ya kaunta ili wasikie anachosema. Lakini ngazini, akiwa peke yake na jua la jioni likimpiga magotini, sauti yake ilipata miguu.

"Kwenu umeme upo?" aliuliza Ghiyath, maana hakutaka kukata.

"Ulikuja, ukatusalimia, ukaaga."

"Hata chai hamkuupa?"

"Ulikuwa na haraka. Siku hizi una watu wengi wa kuwatembelea."

Ghiyath alicheka mpaka uzi ukachomoka kwenye sindano.

Baada ya hapo mfarishi ulizidi kupata visingizio. Mara sufu imekataa. "Sufu inakataaje?" aliuliza Rudaina. "Haijaridhika na uzi," akajibu fundi. Mara kitambaa cha juu kimenuna. Mara Ghiyath ameona ni afadhali asubiri siku yenye jua. Mama yake Rudaina, aliyekuwa jikoni akishindilia vitunguu saumu na pilipili ndani ya biringanya ndogo za kusindika, alimwambia mumewe, "Huo mfarishi tutajifunika mwaka gani?" Mume akajibu, "Anayeshonwa hapo si mfarishi, Mama Rudaina."

Siku moja Ghiyath aliingia duka la dawa, nywele kachana, sweta lile lile, mkononi kifuko cha karatasi chenye kastana za moto.

"Nina kikohozi," alisema.

"Kikavu au chenye makohozi?" Rudaina aliuliza, macho yake kwenye kaunta.

"Cha kukosa kukuona."

Rudaina akageukia rafu, akatafuta kwa muda mrefu dawa ambayo haikuwapo. Alipogeuka tena, kile kifuko kilikuwa juu ya kaunta na Ghiyath alikuwa ameshafika mlangoni, masikio yake mekundu kama ya mwizi.

Kwenye simu alimwita roho yangu, akamwita mwanga wa macho, akamwita ua la Dameski nzima. Rudaina alijibu "haya" na "sawa". Si kwamba hakuwa na majina ya kumpa. Alikuwa nayo mengi, ila yalimganda kooni kama asali kwenye baridi.

"Rudaina, hivi wewe hutaniambia kitu hata siku moja?"

"Kitu gani?"

"Chochote. Hata tusi."

Akafikiri. "Wewe ni mshonaji mvivu."

"Alhamdulillahi," alisema Ghiyath. "Sasa nitalala vizuri." Kisha sauti yake ikatulia. "Sikiliza, roho yangu. Ami yangu wa Erbil ananipigia kila Ijumaa. Ana karakana ya makochi huko Iraq, anataka nikamsimamie. Nimemwambia avumilie kidogo, kuna mahali nasubiri jibu."

"Mahali gani?"

"Panauzwa dawa."

Chini uani mtu alikuwa akipiga zulia kwa fimbo, pu, pu, pu.

"Wazazi wako wakipenda, namwambia ami atafute msimamizi mwingine. Wasipopenda, nafunga duka, naondoka," alisema Ghiyath. "Mama yangu anaweza kuja Alhamisi?"

"Haya," alisema Rudaina, na kwa mara ya kwanza neno hilo lilitetemeka.

Kila vuli, nyumba za mjini hutandikwa mazulia yaliyofuliwa kiangazi. Kwa kina Rudaina sakafu ilibaki vigae vitupu, kwa sababu zulia lao, jekundu, la Uajemi, lilikuwa limeuzwa miezi ya joto ili baba yake afanyiwe operesheni ya macho. Ustadhi Badii, mwalimu mstaafu wa jiografia, hakuchoka kulifanyia mzaha jambo hilo. "Tumeuza zulia ili niweze kuiona sakafu," alisema, na kila asubuhi alikaa dirishani akiwatangazia rangi za majani ya mizabibu ya jirani kama mtu asomaye habari redioni. "Leo tuna manjano, na kahawia inatarajiwa kutoka magharibi."

Siku mbili kabla ya Alhamisi, Mama Rudaina alirudi sokoni na kikapu cha safarjali, yale matunda ya manjano yenye vinyweleo, magumu kama jiwe. Mabichi hayaliki, lakini ukiyachemsha na sukari kwa saa nyingi huwa mekundu na nyumba nzima hunukia waridi. Tatizo lilikuwa sukari. Madukani ilikuwa haijaonekana tangu mwezi uliopita. Ndani ya kopo palikuwa na kiasi cha kutosha sufuria moja.

"Tuyatie yote, au tubakize ya kahawa?" aliuliza mama.

Rudaina akalamba kijiko, akakunja uso. "Ukiyapunja yanakaba koo, mama. Tuyatie yote."

"Na kahawa?"

"Watu wengi wanakunywa chungu siku hizi."

"Kweli. Na watakapotamka neno lao la posa, tunawaletea safarjali. Hapo hakuna atakayeikumbuka kahawa." Nyumbani kwao kitamu kilikuja baada ya neno, si kabla, na Mama Rudaina hakuwa mtu wa kupindua mambo.

Alhamisi ikafika. Mama Ghiyath alikuja na mdogo wake, Bi Nazik. Mama Ghiyath alikuwa mnene wa heshima, koti jeusi, kitambaa cheupe kilichobanwa kwa pini ya lulu. Bi Nazik alikuwa mwembamba, pua yake imeumbwa kwa ajili ya kunusa habari.

"Nyumba yenu inanukia, mashallah," alisema Bi Nazik hata kabla ya kuketi. "Safarjali?"

"Safarjali," alijibu Mama Rudaina, akatabasamu, asiongeze neno. Hakutaka kumwaga siri ya sahani.

Walisemezana kuhusu mvua, kuhusu bei, kuhusu watu waliosafiri. Rudaina akaingia na sinia, amevaa gauni la mahameli ya kijani kibichi ambalo mama yake alilipunguza kiunoni, macho yake kwenye vikombe, hofu yake yote mikononi. Akampa Mama Ghiyath. Akampa Bi Nazik. Akarudi jikoni bila kuinua uso, na mama yake akamfuata ili aweke safarjali kwenye visahani.

Mama Ghiyath akanywa funda moja, akasita. Akamtazama mdogo wake. Bi Nazik naye akanywa, akakishusha kikombe kama mtu anayemlaza mtoto.

Ni vizuri kueleza kwamba hawa walikuwa watu wa mtaa wa Midan, na watu wa Midan wana kumbukumbu ndefu. Kwao kahawa isiyo na sukari ni ya matangani. Tena ni ya mposaji asiyetakiwa. Nyumba ikiwa haikutaki na haipendi kukuvunjia uso kwa maneno, binti anakuletea chungu kwa mkono wake, unakunywa, unaelewa, unaaga. Kina Rudaina, huko kwao kwenye mtaa wa mlimani, hawakuwahi kusikia habari hiyo.

Mama Rudaina alipotoka jikoni na visahani viwili vyekundu vinavyong'aa, wageni walikuwa wamesimama, mikoba mikononi.

"Mungu awajaalie kheri," alisema Mama Ghiyath kwa adabu kali. "Tusiwachoshe."

Mlango ukafungwa. Visahani vikabaki mkononi.

Huko ngazini Bi Nazik hakungoja kufika chini. "Kama sukari isingekuwapo, dada, ningesema haipo. Lakini nyumba inanukia sukari mpaka huku ngazini. Ipo. Wametunyima makusudi."

Na sebuleni Mama Rudaina alikaa kitako kwenye kiti cha mgeni. "Walitazama sakafu," alisema. "Nilimwona yule mwembamba. Kaitazama mara mbili."

Ustadhi Badii, aliyetoka chumbani wageni walipoondoka, alivua miwani. Hakufanya mzaha. "Basi ni macho yangu haya," alisema. "Nimeona, wewe mwanangu ukakosa."

"Usiseme hivyo, baba." Rudaina alichukua kisahani kimoja, akakiweka mikononi mwake, akampa na kijiko. "Kula. Kimekula sukari yetu yote."

Jioni hiyo Ghiyath aliusikia mkasa akiwa amesimama katikati ya sufu. "Aliileta nani?" aliuliza. "Mama yake?"

"Yeye mwenyewe," alisema Mama Ghiyath. "Kwa mkono wake."

Ghiyath akakumbuka zile "haya" zote na zile "sawa". Miezi yote hiyo alikuwa akimwomba aseme kitu. "Basi amesema," akajibu, akarudi kwenye sindano yake. Ijumaa ami alipopiga simu kutoka Erbil, hakuambiwa avumilie.

Hawakupigiana simu. Msichana aliyejiwa na wageni wasiorudi haulizi kwa nini hawakurudi. Mwanamume aliyepewa kahawa chungu haombi ya pili. Kila mmoja alishika adabu yake kwa mikono miwili, na adabu zote mbili zilikuwa zikiwaumiza.

Lakini vuli haikuwasubiri wapone. Iliendelea kuleta vyake. Rudaina alipaka safarjali kwenye mkate wa asubuhi, na ilikuwa tamu, hakuweza kuilaumu. Duka la dawa lilikuwa na mwanga wa jua kuanzia adhuhuri, ukifika mpaka kwenye kiti chake, naye alijifunza kukisogeza kidogo kidogo aufuate. Mama aliweka maganda ya machungwa juu ya jiko walipowasha kuni chache, nyumba ikanukia vizuri. Baba alitangaza kwamba majani ya mwisho yalikuwa na rangi ambayo jiografia haijaipa jina. Rudaina alicheka, kisha akaenda ngazini, akakaa pale mtandao unaposhika, akaishika simu, akairudisha mfukoni.

Siku moja mchukuzi wa sokoni aligonga mlango, mgongoni ana mzigo.

"Mfarishi wenu. Fundi amesema mmeshamaliza naye, msitoe kitu."

"Mbona hakuja mwenyewe?" aliuliza Mama Rudaina.

"Hana nafasi, mama. Anamaliza kazi za watu. Wiki ijayo anakwenda Erbil."

Wakaufungua juu ya vigae vitupu. Katikati, kwa uzi wa rangi ya divai juu ya kitambaa cheupe, Ghiyath alikuwa ameshona mti wa makomamanga, matunda yake mengine yamefumba, mengine yamepasuka yakionyesha punje. Mishono ilikuwa midogo hata huwezi kuipitishia ukucha. Ustadhi Badii alipiga magoti, akausogelea na macho yake mapya, akakaa hapo kitambo.

"Huyu mtu," alisema hatimaye, "hakuwa na haraka."

Rudaina alipanda ngazi, akapiga simu kabla ujasiri haujamtoroka.

"Mfarishi umefika," alisema.

"Vizuri."

"Ni mzuri."

"Asante."

Alikuwa na neno lingine, aliliona kabisa, limesimama mlangoni mwa kinywa chake.

"Safari njema," akasema badala yake.

"Haya," alisema Ghiyath. Safari hii neno lilikuwa la kwake.

Mambo yangeishia hapo kama Mama Ghiyath asingekwenda, siku ya pili yake, kunywa kahawa kwa mdogo wake. Bi Nazik alikuwa ametandika mazulia yake yote. Walikaa wakichambua nguo za Ghiyath za safari, Mama Ghiyath akijikaza asilie juu ya soksi. Kahawa ikaja. Mama Ghiyath akanywa funda moja, akasita.

"Nani amekufa, Nazik?"

"Sukari," alijibu Bi Nazik, akikunja shati. "Imenikatikia juzi. Kidogo iliyobaki nimeitia kwenye jemu ya tini, ili mtoto asafiri na kitu cha nyumbani. Sasa nitafanya nini, dada, nimpe tini za uchachu?"

Akasikia maneno yake mwenyewe. Shati likamponyoka. Wale dada wawili wakatazamana juu ya vikombe, na sebule nzima ilikuwa ikinukia tini.

"Nazik," alisema Mama Ghiyath polepole.

"Usiniambie."

"Ile nyumba ilinukia safarjali mpaka ngazini."

"Nimesema usiniambie."

"Na wewe ukasema wametunyima makusudi."

"Na wewe ukaniamini," alisema Bi Nazik. "Wewe ndiye mkubwa."

Ghiyath alikuwa akifunga milango ya duka mama yake alipotokea sokoni akihema, pini ya lulu imekwenda upande. Alimweleza akiwa amesimama, mbele ya muuza jibini na yeyote aliyependa kusikiliza. Ghiyath akaingia tena ndani, kwenye sufu, akapiga simu. Haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana. Ya tatu Rudaina aliipokea akiwa ngazini, amebeba kapu la nguo za kuanika.

"Nikuulize kitu kimoja," alisema Ghiyath. "Kile kikombe. Mbona hamkutia sukari?"

Rudaina alishangaa sana hata akajibu bila woga. "Haikuwapo. Tuliitia yote kwenye safarjali."

"Safarjali ya nani?"

"Yenu. Ya wageni. Tungeileta baada ya neno, lakini mama yako hakusema neno. Aliiona sakafu, akaondoka."

"Sakafu gani?"

"Yetu. Haina zulia."

Ghiyath akaketi juu ya rundo la sufu, likamdidimiza mpaka kiunoni. "Rudaina. Mama yangu akiwa na wasiwasi haoni hata miguu yake. Sakafu wala hakuiona. Kwetu Midan, kahawa chungu maana yake ni hatukutaki. Alirudi akaniambia umemkatalia kwa mkono wako."

Kapu la nguo likawekwa chini.

"Na wewe ukasadiki?" aliuliza Rudaina, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, Ghiyath alisikia hasira ndani ya ile sauti ndogo. "Ningekuwa sikutaki, ningekaa ngazini hapa na baridi hii kila siku, kwa ajili ya kusikia sufu imekataa?"

"Hukuwahi kuniambia."

"Nilikuwa naja kukaa hapa, Ghiyath. Kila siku."

Ghiyath alifuta macho kwa kiganja kilichojaa nyuzi, jambo ambalo fundi yeyote wa mifarishi angemwonya asilifanye, na akapiga chafya mara kadhaa mfululizo.

"Kumbe una mafua," alisema Rudaina.

"Nikifa, mfarishi utanililia?"

"Uliza mama yako anaweza kuja lini."

Walikuja kesho yake alasiri, wote watatu, na mvua nyembamba ikinyesha. Ghiyath alikuwa ametafutiwa koti la marehemu baba yake, zuri, fupi mikononi. Mama Ghiyath aliingia, akavua viatu, akakanyaga vigae kwa soksi zake kama anayekanyaga zulia la sultani.

"Mama Rudaina," alisema, "mimi ni mjinga, na mdogo wangu ni mjinga zaidi. Tuanzie hapo."

"Kaeni kwanza," alisema Mama Rudaina, na kuudhika kwake, alikokuwa amekutunza vizuri tangu Alhamisi ile, kukamtoka bila ruhusa.

"Na kahawa muilete vile vile," aliongeza Bi Nazik. "Chungu. Safari hii tutaimaliza."

Wakaimaliza. Kisha Mama Ghiyath akatamka neno lake, kwa utaratibu, kwa jina la Mungu na kwa heshima ya nyumba. Alisema mwanawe ana duka, ana mikono miwili, na hakuna ahadi ya kesho ambayo mtu yeyote wa mji huu anaweza kuitoa. Ami wa Erbil ameambiwa asubiri jibu la mwisho jioni. Likiwa ndiyo, kijana anabaki, harusi iwe masika, Mungu akipenda.

Ustadhi Badii alimgeukia binti yake, aliyesimama mlangoni na sinia tupu. "Umesikia, mwanangu. Unasemaje?"

Rudaina akainamisha uso. Damu ilimjaa shingoni, ikapanda mpaka kwenye masikio. Chumba kikangoja. Ghiyath alikuwa akitazama mikono ya koti la baba yake.

Mama Ghiyath akatabasamu kwa upole. "Msimsumbue mtoto. Wazee wamesema, kimya cha mwari ni idhini. Tumsomee Fatiha."

Mikono ikaanza kuinuliwa.

"Hapana," alisema Rudaina.

Mikono ikabaki hewani. Bi Nazik akafumba macho.

"Hapana, mama, msikichukue kimya changu." Sauti ilikuwa ile ile ndogo, watu wote waliinama mbele ili waisikie. "Kimya kilishanisemea mara moja, kikanisemea uongo. Naomba niseme mwenyewe." Akaliweka sinia chini, maana lilikuwa likigongana na vifungo vya gauni lake. Akamtazama Ghiyath usoni, yeye na hofu yake yote. "Namtaka. Mwambieni ami yake hivyo. Namtaka yeye, na asiende."

Mvua ilisikika ikigonga kioo. Ustadhi Badii, ambaye macho yake yalitakiwa yasilowe kwa amri ya daktari, aliyapuuza maagizo ya daktari.

"Rudia," alisema Ghiyath, kwa sauti iliyokauka.

"Umesikia."

"Nimesikia. Nataka nisikie tena."

"Mara moja yatosha," alisema Rudaina, uso umemwiva, akakimbilia jikoni kutafuta vijiko vya safarjali.